Ziwa na jua upande mmoja: kisa cha makao makuu ya kampuni jijini Mwanza

## Kuhusu kisa hiki

Jina la kampuni, mtaa na majina ya wahusika nimeviondoa, na vipimo vichache nimevisogeza ili jengo lisitambulike. Mfuatano wa mambo na sababu za maamuzi vimebaki vilivyokuwa. Nilikuwa upande wa washauri, nikishughulikia joto, hewa, mwanga na maji. Nawaandikia wabunifu majengo na wahandisi, lakini zaidi wajumbe wa bodi, kwa sababu mambo makubwa ya jengo la ofisi huamuliwa mezani kwao kabla fundi hajashika mwiko.

## Usuli

Mteja ni kampuni yenye matawi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Kwa miaka mingi ilipanga ghorofa mbili katikati ya jiji, hadi pakawa hapatoshi. Ikanunua kiwanja kwenye mteremko unaotazama Ghuba ya Mwanza, kimejaa mawe makubwa ya graniti kama ilivyo sehemu kubwa ya jiji hili.

Bodi ilitaka mambo matatu: jengo lichukue wafanyakazi kama 200, kila ghorofa ione ziwa, na lipate cheti cha jengo rafiki kwa mazingira, maana mkopeshaji alikuwa ameahidi masharti nafuu kwa jengo la namna hiyo. Kilichochaguliwa ni cheti cha EDGE, kilichoanzishwa na IFC, taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia inayohudumia sekta binafsi. Masharti yake ya wakati huo yalieleweka hata kwa asiye mtaalamu: okoa angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 ya nishati iliyotumika kutengeneza vifaa vya ujenzi, ukilinganisha na jengo la kawaida la eneo hilo.

Kwa hali ya hewa, Mwanza imebarikiwa. Jiji liko nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta lakini kwenye mwinuko wa mita 1,140 hivi, kwa hiyo joto la mchana hucheza kwenye nyuzi 27 hadi 29 na usiku hushuka hadi 17 au 19. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Mtu aliyevaa shati la mikono mifupi, akakaa kivulini na hewa ikapita, hana haja ya kiyoyozi kwa siku nyingi za mwaka. Kinachomletea shida ni jua kuingia ndani.

## Mchoro wa kwanza

Mchoro wa kwanza ulikuwa umezaliwa Dar es Salaam kwa kazi nyingine, ukarekebishwa kidogo. Ghorofa sita, umbo la sanduku, kina cha mita 22 kutoka dirisha la mbele hadi la nyuma, na uso mrefu wa vioo vitupu ukitazama magharibi. Sababu ilikuwa moja tu: ziwa liko magharibi. Picha ya kompyuta ilipendeza kweli, maji ya ghuba yakimeta kwenye vioo, na bodi ilikuwa imeshaipenda.

Hapo ndipo ulipo mtego wa ufukwe huu wa mashariki wa ghuba. Mandhari, upepo wa mchana, jua kali la alasiri na wadudu wa ziwani vyote hutoka upande mmoja. Anayefungua ukuta mzima kwa ajili ya kimoja amevikaribisha vyote vinne.

Kuna jambo la pili ambalo michoro ya Dar huja bila kulijua. Tanzania nzima inafuata saa moja, inayolingana na longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Mwanza iko karibu na nyuzi 33. Kwa hiyo jua letu hufika kileleni karibu saa saba mchana, na kwa wastani huchwa kama dakika 25 baada ya la Dar es Salaam. Mwezi Machi au Septemba, saa kumi alasiri, jua la Mwanza bado liko kama nyuzi 40 juu ya upeo wa macho. Saa kumi na moja, watu wanapofunga kompyuta, liko kama nyuzi 27, linachungulia moja kwa moja dirishani. Ukitaka kulizuia jua hilo kwa ukingo wa zege unaotoka nje juu ya dirisha lenye kimo cha mita 1.5, ukingo huo unatakiwa utoke karibu mita 3. Hakuna anayejenga hivyo kwenye kila dirisha. Kinachobaki ni vioo vyeusi, mapazia, na viyoyozi vinavyonguruma kuanzia saa nane hadi jioni.

Upande wa kaskazini hesabu ni tofauti kabisa. Mwezi Juni, jua linapokaa kaskazini, saa ya kilele huwa nyuzi 64 juu ya upeo. Dirisha lile lile linahitaji ukingo wa sentimita 75 tu kwa saa hiyo. Kusini, mwezi Desemba, unatosha mfupi zaidi.

## Kugeuza jengo

Tulipendekeza jengo ligeuzwe. Pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, pande fupi zitazame mashariki na magharibi, na kina kipungue kutoka mita 22 hadi mita 13. Kanuni ya kawaida ni kwamba hewa hupita vizuri kutoka dirisha hadi dirisha iwapo kina hakizidi mara tano ya kimo cha chumba. Kwa kimo cha mita 3.2, mwisho ni mita 16. Tulibaki chini ya hapo kwa makusudi, maana ofisi hujaa makabati na vizuizi.

Bodi haikufurahi. Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini tusichukue mfano wa jengo la Eastgate la Harare, lililofunguliwa mwaka 1996, ambalo mbunifu wake Mick Pearce alilipoza kwa kuingiza hewa ya usiku kupitia njia zilizojengwa ndani ya zege. Swali lilikuwa zuri na lilistahili jibu kamili. Harare iko juu zaidi, na mwezi Juni na Julai usiku wake hushuka chini ya nyuzi 10. Zege linapata baridi ya kutosha ya kuhifadhi kwa ajili ya mchana. Kwetu ziwa linashikilia joto, usiku wa ufukweni haushuki kiasi hicho. Tungelipa gharama ya njia zote zile za hewa tukapata faida ndogo. Tulichochukua Harare ni wazo la zege kuachwa wazi: dari za jipsamu ziliondolewa ofisini ili sakafu ya juu yenyewe, nzito na ya ubaridi, ikae juu ya vichwa vya watu.

Ubishi wa mandhari haukumalizwa kwa hesabu. Tulijenga kibanda kidogo cha tofali pale kiwanjani, kikitazama magharibi, chenye madirisha mawili ya ukubwa sawa. La kwanza lilikuwa na kioo cheusi na pazia ndani. La pili lilikuwa na kioo cheupe na kivuli cha mbao nje. Tukawaalika wajumbe alasiri moja ya jua. Mama Mwenyekiti aliingia, akashika pazia la dirisha la kwanza, akaliachia haraka. Lilikuwa la moto kama pasi iliyochomolewa punde. Akahamia la pili, akaweka kiganja juu ya kioo, akakaa nacho.

“Sasa mhandisi, joto la lile pazia litatoka wapi?”

“Halitoki, Mama. Limeshaingia ndani. Kitakacholitoa ni kiyoyozi, na bili mtailipa ninyi kila mwezi.”

Siku hiyo mjadala wa vioo uliisha. Kivuli hufanya kazi nje ya kioo, ndani kinachelewa. Nimeona ripoti nene zikishindwa kueleza hilo, na kibanda cha tofali kikalieleza kwa robo saa.

Bodi ilikubali kwa sharti kwamba ziwa lisipotee. Suluhisho lilikuwa baraza. Ncha ya magharibi ya kila ghorofa ilipewa sehemu mbili: ngazi, lifti na vyoo vilijengwa kwa ukuta mzito ili vipokee jua kwa niaba ya ofisi, na kando yake baraza wazi yenye kina cha mita 3, mahali pa kunywa chai, kupokea wageni na kutazama ghuba. Madirisha ya kaskazini nayo yaliwekewa kuta ndogo za wima zinazotoka nje, zinazokinga jua la pembeni na papo hapo kuuvuta ndani upepo unaokuja kwa mshazari kutoka ziwani.

Gharama ilipanda kwenye kuta za nje, kwa kuwa jengo refu na jembamba lina ukuta mwingi kuliko sanduku. Ilishuka kwenye viyoyozi na jenereta. Mkadiriaji majenzi aliviweka viwili hivyo kwenye ukurasa mmoja, na nashauri kila timu ifanye hivyo, kwa sababu vikitenganishwa ukuta huonekana ni anasa.

## Mwamba

Mkandarasi alitaka kuvunja mawe yote. Tulichagua kuvunja machache. Jiwe kubwa kuliko yote lilibaki uani, na jengo likapita kando yake. Mwamba halisi ni msingi bora: nguzo kadhaa zilikaa juu yake moja kwa moja, nondo zikachimbiwa ndani na kushikizwa kwa gundi maalumu. Lakini kwanza kila jiwe lilitobolewa kwa drili kuhakikisha kwamba ni mwamba mama. Kwenye milima ya Mwanza yako mawe mengi yaliyokaa tu juu ya udongo, na kwa macho huwezi kuyatofautisha.

Mawe yaliyovunjwa hayakuondoka kiwanjani. Makubwa yalijenga kuta za kushikilia udongo na za ghorofa ya chini. Madogo yaligongwa kokoto na kina mama wanaofanya kazi hiyo vilimani siku zote, safari hii wakilipwa kwa mkataba na kupewa miwani, glavu na kivuli. Hilo lilisaidia sana kwenye asilimia 20 ya vifaa, pamoja na tofali za udongo na saruji zilizoshindiliwa bila kuchomwa. Saruji ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya hewa ukaa ya jengo, kwa hiyo kila mahali jiwe liliposhika nafasi ya zege palikuwa na faida.

Jiwe lina tabia moja ya kuangalia. Graniti ikipigwa na jua mchana kutwa hulitema joto hadi usiku. Lile la uani lingekuwa jiko nje ya madirisha ya kusini laiti lingeachwa uchi, kwa hiyo miti ilipandwa upande wake wa magharibi mapema, kabla hata ghorofa ya pili haijamwagwa zege.

## Maji ya juu na maji ya chini

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Swali ni ukingo upi. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda na kuipita rekodi iliyokuwa imekaa tangu 1964, likameza mialo, barabara na nyumba pande zote za ziwa. Mteja alitaka mkahawa karibu na maji, akionyesha ramani ya zamani ya kiwanja. Sisi tulipima mita 60 kuanzia alama ya maji ya 2020, ambayo bado ilionekana kwenye mawe na kwenye kumbukumbu za wavuvi wa mwalo wa jirani. Mkahawa ukapanda juu. Mwaka 2024, ujenzi ukiendelea, ziwa lilipanda tena. Bustani ya chini ililowa, jengo halikuguswa.

Mvua ya Mwanza ni karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo paa la mita za mraba 700 linapokea lita 700,000. Takwimu hiyo huwalevya watu. Ukitoa kinachopotea, na ukikumbuka kwamba Juni hadi Agosti ni kavu, unagundua kwamba tangi ndilo linaloamua. Tulijenga la lita 120,000 chini ya maegesho, kwa ajili ya vyoo na bustani peke yake. Kwa matumizi ya lita 5,000 kwa siku, linatosha siku 24 za kazi. Baada ya hapo maji ya mamlaka yanachukua nafasi, na tulimwambia mteja hivyo tangu mwanzo.

## Ujenzi

Katikati ya ujenzi bei ya alumini ilipanda, na mkandarasi akaleta pendekezo la kuokoa fedha: luva zote za nje, yaani vibao vya kukinga jua, ziondolewe, viwekwe vioo vyeusi. Ni pendekezo linaloua majengo mengi ya aina hii, kwa sababu huja wakati kila mtu amechoka na fedha zimebana. Kilichotuokoa ni kwamba bodi ilikikumbuka kibanda. Luva za alumini ziliondoka kweli, lakini nafasi yake ikachukuliwa na tofali za matundu za zege, zilizofinyangwa pale pale kiwanjani kwa kalibu za mbao. Zilikuwa za bei nafuu zaidi na mafundi wetu wanaweza kuzitengeneza upya wakati wowote zikivunjika.

Radi ilitupa kazi kubwa kuliko tulivyopanga. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na graniti haipitishi umeme vizuri. Rodi za kawaida za ardhini hazikufikia kipimo. Mhandisi wa umeme alilazimika kuzungusha utepe wa shaba kuzunguka jengo zima kwenye udongo wa kujaziwa, uliochanganywa na bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, ili ushike unyevu. Bila hivyo, paneli za sola juu ya paa na inveta zake zingekuwa za kwanza kuungua.

## Matokeo baada ya mwaka wa matumizi

Cheti kilipatikana. Ofisi za kaskazini na kusini zinafanya kazi kwa madirisha na feni za dari, na taa huzimwa mchana kutwa kwenye meza zilizo karibu na madirisha. Viyoyozi vipo kwenye chumba cha seva, ukumbi wa bodi na ukumbi wa wateja, kama ilivyopangwa. Baraza zimependwa kupita tulivyotarajia. Vikao vingi vidogo vimehamia huko.

Malalamiko yalitoka ghorofa ya tatu na ya sita.

Ghorofa ya tatu, idara ya uhasibu, waliomba kiyoyozi ndani ya miezi michache. Tulipokwenda, tulikuta wakuu wa vitengo wamejengewa ofisi zao za jipsamu kutoka sakafuni hadi juu, zimejipanga upande wote wa kaskazini. Upepo ulikuwa unaishia kwenye vyumba vinne vya watu wanne, na watu thelathini nyuma yao hawapati kitu. Pili, wavu wa mbu uliofungwa ulikuwa wenye matundu madogo kuliko uliotajwa kwenye mkataba, na ulikuwa haujaoshwa tangu siku ya kwanza. Nilipitisha kidole, kikatoka na utando wa kijivu wa vumbi na mabawa ya wadudu.

Wadudu hao ni sehemu ya maisha ya ziwa hili. Huinuka majini kwa mawingu yanayoonekana kama moshi, hasa siku za mwezi mwandamo, na hufuata taa. Hawaumi, lakini idara iliyokuwa ikifanya kazi hadi saa mbili usiku ikiwa na taa nyeupe kali ilivamiwa, na jibu la wafanyakazi likawa kufunga madirisha moja kwa moja, hata mchana.

Ghorofa ya sita kisa chake ni kifupi. Baraza ya magharibi ilizungushiwa vioo ikawa ofisi ya mkurugenzi, kwa kuwa ndiko ziwa linakoonekana vizuri zaidi. Saa tisa alasiri haikaliki. Sasa ina viyoyozi viwili.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kilifanyika mapema na ni kigumu kukigeuza: mwelekeo wa jengo, kina chake, alama ya maji. Hakuna anayeweza kuamka asubuhi akaligeuza jengo lirudi kutazama magharibi. Hayo hayakuhitaji mtambo wowote, na mtu yeyote mwenye ramani na dira angeweza kuyafikia. Kwa maoni yangu ndiyo yaliyobeba karibu jengo zima, na sola iliyopigiwa picha siku ya ufunguzi ni nyongeza tu.

Kilichoshindwa ni vile vilivyotegemea mtu kukumbuka: vizuizi, nyavu, taa, baraza. Jengo lilikabidhiwa likiwa na mafaili ya vifaa na funguo, lakini msimamizi wa majengo, kijana hodari aliyeajiriwa wiki ya makabidhiano, hakuwahi kuambiwa kwamba ukuta wa jipsamu unaofika juu unazima upepo wa ghorofa nzima. Alipoombwa ofisi nne alizijenga vizuri na kwa wakati. Huwezi kumlaumu. Mkataba wa washauri uliishia siku ya makabidhiano, na huo ndio mpangilio ninaoutaka ubadilike: mwaka wa kwanza wa matumizi uhesabiwe kuwa sehemu ya kazi, ulipiwe, na mbunifu arudi kuona masika, kiangazi na vuli jengo likiwa na watu ndani.

Ombi la kila ghorofa kuona ziwa pia lilistahili kuulizwa zaidi: nani aone, saa ngapi, akiwa anafanya nini? Mtu anayekagua hesabu hatazami ghuba. Anataka mwanga usiomchoma macho. Anayepumzika kwa chai ndiye anayelitaka ziwa. Baraza ilijibu swali hilo sawasawa, na pale ilipogeuzwa chumba cha kazi, jua lilirudi pamoja na mandhari.

Marekebisho ya ghorofa ya tatu hayakuwa ya gharama. Kuta za jipsamu zilikatwa juu zikabaki wazi sentimita 60 chini ya zege, nyavu zikabadilishwa na kuwekewa ratiba ya kuoshwa, taa za madirishani zikawa za rangi ya manjano na kuzimwa saa kumi na mbili jioni, na wanaobaki kazini hadi usiku wakahamishiwa upande wa kusini. Ombi la kiyoyozi liliondolewa na idara yenyewe. Vioo vya ghorofa ya sita vimeingizwa kwenye ajenda ya bodi, vikiambatana na bili za umeme za viyoyozi viwili na picha ya baraza ilivyokuwa kabla.